Pwani haina farasi, ina baiskeli

Ukishika simu siku hizi, haziishi dakika kumi kabla hujaona video ya mtu juu ya farasi, yuko porini siku ya nne, hana haraka na mtu. Kule Mongolia kuna mashindano yanaitwa Mongol Derby, yalianza 2009: kilomita 1,000 juu ya farasi, mnyama anabadilishwa kila baada ya kilomita 40 hivi. Vijana wa Malindi na Kilifi tunatazama, tunabonyeza moyo, tunasema "hii ni noma", halafu tunapita. Ni kama kusafiri mbali polepole kwa nguvu za mwili wako ni mambo ya watu wa kwingine, wenye pesa.

Mimi sikubali. Raha ile ipo hapa, kwenye barabara yetu hii hii ya Mombasa, Kilifi mpaka Malindi. Chombo chake kiko nyuma ya nyumba ya babu yako, kimeegemea mwembe na hakina upepo. Ni baiskeli. Na namna tunavyoidharau inatugharimu kuliko tunavyodhani.

Kwanza tumalize la farasi. Pwani hatukukosa farasi kwa sababu tulikuwa wazembe au maskini. Adui alikuwa mbung'o. Inzi huyu huambukiza nagana, ugonjwa wa mifugo ambao farasi huuvumilia vibaya sana. Ndiyo maana misafara ya biashara ya karne ya 19, ile iliyotoka pwani kwenda bara, ilibebwa na mapagazi, mzigo begani, miezi na miezi. Punda alijikaza kidogo, na hadi leo utamwona akivuta mkokoteni wa maji au mawe. Lakini farasi wa kumpanda ukaenda naye mbali, hilo halikuwa letu. Hata leo, mnyama ambaye kijana wa pwani amewahi kumpanda ni ngamia wa pale Pirates, Mombasa, dakika tano na picha mbili, basi.

Halafu baiskeli ikaja. Hali majani, haishikwi na nagana, na ikilala njaa asubuhi inaamka. Watu wa Busia waliitumia kuvusha abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda, na huko ndiko lilikozaliwa neno bodaboda, kabla pikipiki haijalichukua jina. Hapa kwetu ile nyeusi nzito, Black Mamba, imebeba kila kitu: madumu ya maji, magunia ya makaa, samaki wa alfajiri, mgema na mnazi wake, bibi harusi pia. Kwa hiyo mtu asikwambie baiskeli ni mambo ya wazungu waliovaa nguo za kubana.

Sasa tuongee safari yenyewe. Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni kama kilomita 60, na Kilifi hadi Malindi ni kama 60 nyingine. Mtu wa kawaida, si mwanariadha, akienda kilomita 15 kwa saa, kipande kimoja ni asubuhi moja. Mimi na wenzangu watatu tumekikata cha Kilifi kwenda Malindi mara kadhaa, na kila mara naona kitu ambacho matatu ilikuwa imenificha miaka yote.

Mfano, daraja la Kilifi. Kwenye gari ni sekunde chache. Kwa baiskeli unasimama katikati, unaona mkono wa bahari unavyoingia ndani, majahazi chini, upepo unakupiga kifuani, na unakumbuka kwamba kabla ya 1991 hapa palikuwa na feri na foleni. Ukipita mji unaingia Tezo, Roka, Matsangoni. Hapo ndipo pua inapoanza kazi: moshi wa kuni, maua ya mwembe, samaki wa kukaanga. Ukikaribia Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke uko mkono wako wa kushoto. Ni zaidi ya kilomita mraba 400, msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, una ndovu ndani, na wengi wetu tumeupita mara mia tukiwa tumelala na earphone masikioni. Kwa baiskeli huwezi kuulala. Unausikia.

Mbele kidogo ni Gede. Mji wa mawe, misikiti, visima, nyumba zenye vyoo, watu waliishi pale karne na karne hadi walipouhama katika karne ya 17. Ukifika ukiwa umechoka, umekauka koo, ukaona kina cha vile visima, unaelewa historia kwa njia ambayo mwalimu hakuweza kukupa. Kiu ni mwalimu mkali.

Halafu kuna watu. Matatu haikusalimii. Baiskeli inasalimiwa kila kilomita. Wazee wanakuuliza, "Mwanangu, wenda wapi na jua hili?" Unasema shikamoo, unaeleza, unapewa maji bila kuomba. Mama wa mahamri na mbaazi anakuongezea moja juu kwa sababu anaona jasho. Fundi wa viraka chini ya mkorosho anakuzibia pancha, na wakati gundi inakauka anakupa habari za kijiji kizima. Simu haikupi hayo, hata ukiwa na bando la mwezi.

Lakini nisiwauzie ndoto. Safari hii ina shida zake, na ukienda kichwa kichwa itakufunza.

Ya kwanza ni jua. Ukiondoka saa tatu asubuhi umeshachelewa. Watu wa safari huondoka alfajiri, saa kumi na moja, wanapumzika mchana chini ya mti, wanamalizia jioni. Beba maji zaidi ya unavyofikiri, na chumvi kidogo mwilini, ndizi au viazi karai, maana ukinywa maji matupu siku nzima ukitokwa na jasho, miguu itakukaza.

Ya pili ni upepo, na hapa babu zetu walikuwa na akili kutuzidi. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Manahodha walipanga safari zao za Arabuni na India kwa pepo hizi. Wewe panga vivyo hivyo: wakati wa kusi, anza Mombasa uelekee Malindi, usukumwe mgongoni. Ukigeuza, utakanyaga siku nzima ukidhani breki zimeshika.

Ya tatu ni mchanga na chumvi. Watu hupenda kupita ufuoni, na kweli maji yakipwa mchanga wa chini huwa mgumu, unateleza kama juu ya sakafu. Lakini jua saa za maji. Wakati wa bamvua bahari inarudi hadi kwenye kuta, na utajikuta umebeba baiskeli kichwani. Na ukifika nyumbani osha kwa maji ya mvua au ya kisima, paka mafuta mnyororo usiku huo huo, si kesho.

Kuna jambo moja nalipenda kwa wapanda farasi wa masafa marefu, nataka tuliibe. Kwenye mbio kama Tevis Cup ya Marekani, iliyoanza 1955, maili 100 ndani ya siku moja, kuna vituo ambapo daktari wa mifugo hukagua farasi. Akionekana anachechemea, anatolewa hapo hapo, hata kama alikuwa anaongoza. Hakuna kubembeleza. Nasi tukienda kikundi, tuwe na sheria hiyo: kila kituo tunakagua breki, matairi, na mtu. Mmoja akianza kusikia kizunguzungu, safari ya wote imesimama. Anayesema "twende tu, ataweza" huyo si rafiki.

Sasa nifike penye uchungu wenyewe, maana jua na upepo tutavimudu. Kinachotuua ni barabara.

Mwenye baiskeli kwenye barabara hii hana pahali pake. Kipande kikubwa hakina njia ya pembeni. Lami inaishia kwenye ukingo uliomeguka, chini yake ni mchanga. Matatu mbili zikikimbizana kuchukua abiria, wewe ndiye wa kuruka. Nimeshasukumwa mchangani namna hiyo, na kondakta akanitolea kichwa dirishani akicheka. Si sisi tu. Januari 2013, wapanda farasi wawili waliokuwa wakivuka bara zima kutoka Tunisia kwenda Afrika Kusini waligongwa na basi nchini Tanzania, mmoja akafa. Walikuwa wamepita jangwa na mipaka mingapi, kisha basi ndilo lililowamaliza. Na hao wana jina na habari zao zimeandikwa. Muuza samaki anayegongwa saa kumi na moja alfajiri akienda sokoni anaishia kwenye mstari mmoja wa habari, kama ana bahati.

Hili ndilo linalonikera tukiita baiskeli mchezo au umaskini. Tukishaiita hivyo, hatudai kitu. Barabara ya Mombasa kwenda Kilifi inapanuliwa, kila mtu anasifu, na ni vizuri. Lakini barabara pana bila njia ya baiskeli na waenda kwa miguu maana yake ni magari kukimbia zaidi, mwanafunzi na mgema wakibaki pale pale kwenye mchanga. Tuliulize hilo kwenye vikao vya maoni ya wananchi, vile ambavyo vijana tunaviachia wazee halafu tunalalamika Twitter.

La pili ni ufuo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji yakijaa na maji yakipwa ni ya umma. Yaani mchanga ule ni wako. Shida ni kuufikia. Nenda Watamu au Malindi utafute njia ya kushuka baharini: ukuta, geti, askari, ukuta. Vijia ambavyo wavuvi walivitumia tangu zamani vimemezwa kimoja kimoja. Haki ya kupita ufuoni ambayo huna mlango wa kuifikia ni haki ya kwenye karatasi. Kila kijia cha umma kinastahili kibao chenye jina, na kaunti ikilinde.

La tatu ni dada zetu. Msichana akipanda baiskeli hapa mtaani anaambiwa maneno hadi anashuka. Wengine wanasema dera au buibui haviendani na baiskeli. Lakini mama huyo huyo anapanda pikipiki upande upande, mtoto mgongoni, na hakuna anayepiga mluzi. Kwa hiyo si nguo. Ni sisi wanaume hatujazoea kuona mwanamke akijipeleka mwenyewe anakotaka. Kwenye kikundi chetu wasichana wawili wameanza kuja, na shida yao kubwa si vilima, ni midomo ya vijiweni. Hiyo haihitaji bajeti ya serikali kurekebisha.

Najua kuna atakayesema, bro, mimi natafuta kazi, wewe unaniletea baiskeli. Haya, tuongee kazi. Mtalii analala Watamu wiki nzima akiona bwawa na bahari. Kijana anayejua njia ya Mida, saa za maji, vijia vya kijijini, jina la kila mti na pahali penye madafu mazuri, huyo ana kitu cha kuuza. Hahitaji mkopo wa pikipiki wa kulipa kila siku kwa miaka miwili. Anahitaji baiskeli nne nzima, vifaa vya pancha, ujuzi wa huduma ya kwanza na ulimi wa adabu. Sisemi utatajirika. Nasema pesa ya mgeni itaishia kwa mama wa mahamri wa Matsangoni na fundi wa viraka wa Roka, mahali ambapo gari la watalii halisimami.

Basi anza kidogo. Usikurupuke na kilomita 120. Jumamosi hii pampu ile baiskeli ya babu, kaza breki, nenda kilomita 20 na urudi, alfajiri, mkiwa wawili au watatu, mmevaa nguo zinazoonekana. Wiki ijayo ongeza kumi. Ukirudi, andika pale ulipokosa njia ya kupita, piga picha ukuta uliofunga kijia, weka jina la mahali. Siku ya kikao cha barabara ikifika, tutaingia na orodha mkononi. Na wale wenye barabara watatuona, kwa sababu tutaegesha baiskeli zetu zote mlangoni.