Daftari la Kijiji ni Ngao ya Mnyonge

Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi, alimwagiza Baruku aweke hati zake katika chombo cha udongo, zipate kudumu siku nyingi (Yer. 32:14). Hati isiyotunzwa haimlindi mtu.

Wazee wetu wa Chamwino walihamishiwa vijijini katika Operesheni Dodoma, kuanzia miaka ya 1970. Mengi ya wakati ule yamo vichwani mwao tu, nao wanatutoka mmoja mmoja. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, ardhi yetu inatafutwa na wengi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaitaka Halmashauri ya Kijiji kutunza daftari la ardhi, na inaikataza kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano wa Kijiji. Daftari hilo na mihtasari ya mikutano vikiliwa na mchwa, mjane atasimama na nini mbele ya mwenye fedha?

Wapo wasemao kwamba kumbukumbu ni kazi ya Taifa. Hatukubaliani nao, kwani Taifa haliwezi kuhifadhi kisichoandikwa kijijini.

Kwa hiyo twawasihi waamini na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: hudhurieni Mkutano wa Kijiji, dai­ni muhtasari usomwe, ulizeni daftari limewekwa wapi na ufunguo anao nani. Nazo parokia, zilizozoea kutunza vitabu vya ubatizo, ziandike simulizi za wazee wangali hai. Haki isiyo na kumbukumbu huporwa mchana kweupe.