Sani za mjomba hazitaki lebo ya Mmarekani

Test zimeisha, bumu nalo limeisha, limebaki domo tu. Basi acha nilitumie.

Kuna mshkaji hapa hosteli (simtaji, anajijua) kaangalia video za Wamarekani wanaouza vitabu vya katuni, sasa kawa profesa. Nikamwambia mjomba wangu kule Chanika, Handeni, ana tranka zima la Sani za zamani, zile za kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, za enzi za mchoraji Philip Ndunguru aliyefariki 1986. Swali lake la kwanza: "Zina hali gani?" Nikamjibu kweli: nyingine hazina jalada, pini zimeota kutu, moja imeandikwa hesabu ya magunia ya mahindi. Akacheka. "Takataka hizo, fungieni karanga."

Takataka?! Haya, tuelewane. Marekani kuna kampuni inaitwa CGC, toka 2000 inapima vitabu hivyo, inavipa alama kuanzia 0.5 mpaka 10 na kuvifungia ndani ya plastiki ngumu. Lebo ya bluu ni ya kawaida. Ya zambarau maana yake kitabu kimekarabatiwa, na bei inaporomoka hata kama kinang'aa. Ya kijani ni dosari kubwa inayohitaji maelezo, mfano kuponi imekatwa. Eti hata saini ya mchoraji mwenyewe, isipothibitishwa, ni dosari tu kama mwandiko wa mtoto! Pesa ipo, sibishi. Mwaka 2024 nakala ya Action Comics namba 1, ya 1938, yenye alama 8.5 iliuzwa dola milioni 6.

Lakini jamani, alama zina maana pale wanunuzi wanapochagua kati ya nakala nyingi za toleo lilelile. Sisi tunachagua kati ya nini na nini? Sani za mjomba zilikopeshwa mpaka Korogwe, zikasomwa na watu hata hawajui, zikarudi bila jalada. Kilichosalimika mchwa, mvua na muuza karanga ndicho hicho. Kwetu unauliza kwanza "ipo?", mikunjo baadaye. Hata hao Wamarekani, Action Comics namba 1 iliyochakaa vibaya bado ni mali, kwa sababu zilizobaki ni chache. Hilo profesa wetu karuka.

Na ile hesabu ya mahindi naipenda kuliko jalada. Ukiifuta, umefuta msomaji.

Ila selotepu nawaunga mkono kabisa. Msibandike! Inageuka njano na gundi yake inabaki kwenye karatasi. Acha ukurasa ulivyochanika, weka ndani ya bahasha, juu, mbali na mchwa.

Likizo naenda kuandika orodha: namba ya toleo, mwaka, kurasa zilizopo. Wenye zenu Muheza, Lushoto, popote, andikeni pia. Na wewe profesa, ukija kuazima, nawa mikono kwanza.