Geuza Hicho Kitambaa Kwanza

Wasee, hii kitu mnatuuzia kama "waksi orijino" imenichosha.

Hapa Chepilat, Disemba ni koito juu ya koito. Familia nzima inachanga ili ivae vitenge vya kufanana, na grupu ya WhatsApp haipoi: tuma doo, tuma doo. Mwaka jana kwetu kila mtu alitoa elfu moja mia tano. Kogo wangu alitoa yake kwa bonasi ya majani chai. Tukaahidiwa waksi, ikaja poliesta, nyuma nyeupe kama karatasi ya mtihani. Kogo akashinda juani na hiyo kitu imemganda mgongoni kwa jasho.

Mtu akitaka kuuza poliesta, auze. Lakini aiite poliesta.

Waksi ni njia ya kuchapa kitambaa. Maua makubwa na rangi kali haziifanyi waksi. Asili yake ni batiki ya mkono ya Java, Waholanzi wakaiga kwa mashine. Vlisco ya kule Helmond iko tangu 1846. Rola mbili za shaba zilizochongwa zinapiga utomvu wa moto pande zote mbili za pamba, halafu kitambaa kinatumbukizwa kwenye nili. Palipo na utomvu rangi haiingii. Utomvu ukikauka unapasuka, rangi inapenya kwenye nyufa, na hapo ndipo unapata ile mishipa midogo midogo. Ufa haupangwi na mtu, kwa hivyo hakuna mita mbili zinazofanana kabisa. Kina mama waliolipia waksi miaka ya 50 na 60 walilipia kazi hiyo yote.

Ya bei nafuu pia ilikuwepo, imechapwa kwa rola upande mmoja. Halafu 1963 Stork, Waholanzi tena, wakaleta mashine ya skrini za mviringo: silinda ya nikeli yenye matundu, rangi inasukumwa kutoka ndani, kila rangi na silinda yake. Kazi ikaenda mbio, bei ikashuka. Fiti kabisa, hata mwenye mfuko mdogo anataka kupendeza.

Wizi uko kwa nyufa. Siku hizi zinachorwa! Shika kitambaa, tafuta ufa mmoja kwenye ua, kisha angalia ua kama hilo linalofuata. Ukiona ufa ule ule, pale pale, umeshika picha ya waksi. Ukigeuza nyuma ukute weupe, rudisha na uende zako.

Na nyinyi mnaocheka leso za kina kogo eti ni za ushago, leso haijawahi kudanganya mtu. Kaderdina wa Mombasa wako kazini tangu 1887, na wanachapa jina pale pale kwenye kitambaa: Mali ya Abdulla. Enzi za 50 leso nyingi zilichapwa Japani na India, na hakuna aliyeziita waksi.

Najua komenti inakuja: "Waksi yenyewe ni ya Wazungu, wewe uliacha kampasi unatufundisha nini?" Niliacha, ndiyo, na Mholanzi simtetei, hanilipi. Pesa ninayolilia ni ya majani chai.

Kwa hivyo wewe influensa unayepokea vitenge vya bure na kupiga kelele "orijino, orijino", video inayofuata tuonyeshe upande wa nyuma. Sekunde mbili tu.