Uvimbe Hausubiri Nauli

Mwaka 1972 Tuzo ya Lasker ya Marekani, moja ya tuzo kubwa kabisa za tiba duniani, ilikwenda kwa kundi la watafiti walioonyesha kwamba zipo saratani zinazopona kwa dawa. Miongoni mwao walikuwamo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago. John Ziegler, Mmarekani aliyeongoza taasisi ya saratani Kampala tangu 1967. Na Victor Anomah Ngu, Mkameruni aliyefanya kazi Ibadan. Mwulize kijana yeyote aliyesoma biolojia mpaka chuo kikuu, atakutajia Burkitt. Ngu hamjui. Hilo nalo linaudhi, ila ugomvi wangu wa leo ni na tuzo yenyewe: inahesabu nini?

Tuangalie kazi iliyotuzwa. Mwaka 1957 Burkitt aliitwa wodini kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye akatuma karatasi zenye picha kwenye hospitali za serikali na za misheni barani, akiuliza kama wameuona uvimbe wa namna hiyo. Majibu yakarudi, kila moja likawa alama kwenye ramani. Mwaka 1961, yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walinunua gari kuukuu kwa paundi 250, wakaenda kutoka Kampala mpaka kusini kabisa na kurudi, wiki kumi, kilomita 16,000 hivi, hospitali hadi hospitali. Ramani ikasema: ugonjwa unafuata joto na mvua. Mahali penye mvua chini ya milimita 500 kwa mwaka haupo. Ndipo watu wakaanza kumfikiria mbu na malaria yake.

Mstari huo unapita karibu na mlango wangu. Niko Kilimatinde, ukingoni mwa Bonde la Ufa, wilaya ya Manyoni, ambako mvua ni kati ya milimita 500 na 700. Tuko pembezoni mwa mkanda wa Burkitt kama tulivyo pembezoni mwa mengine yote. Wajerumani walijenga boma hapa, halafu reli ikapita Manyoni na shughuli zikaifuata.

Sasa fanya hesabu. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini pia ni saratani chache zinazosikia dawa kama hii. Saiklofosfamaidi ni dawa ya zamani, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na taya huweza kuanza kunywea ndani ya siku chache. Katika nchi tajiri watoto tisa kati ya kumi hupona. Huku dalili ya kwanza ni jino kulegea, na nani atapanda basi kwa ajili ya jino? Linang'olewa. Wiki inapita. Zahanati inatoa dawa ya usaha. Wiki nyingine. Kisha rufaa, kipande cha nyama kupelekwa patholojia, majibu, nauli ya Dodoma au ya Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 550, na swali la nani atabaki na wadogo zake wakati wa palizi.

Najua jibu la wasomi wenzangu: tuzo ni ya sayansi, nauli ni kazi ya serikali. Silikubali. Kazi ya Burkitt ilikuwa nauli tupu: petroli, matairi, stempu. Na maarifa yalipotakiwa kwenda Ulaya, umbali ulishindwa. Vipande vya uvimbe vilipakiwa kwenye ndege Kampala kwenda kwa Anthony Epstein, London. Safari moja ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester, na bado kipande kikafikishwa maabara. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona humo. (Achong, mzaliwa wa Trinidad, alibaki nje ya jina la kirusi.) Umbali uleule, dawa ikitakiwa kuja huku, tunauita changamoto ya miundombinu na kuuandikia ripoti.

Na sisi tunashiriki. Mwafrika akipewa medali Geneva au New York, picha yake inazunguka WhatsApp siku tatu na kila mtu ni mjomba wake. Muuguzi aliyelitazama lile jino mara ya pili na kupiga simu hospitali ya rufaa jioni ileile hatumpigi picha.

Mimi ningeanzisha tuzo yenye swali moja kwa mgombea: tangu mama aone jino limelegea mpaka dripu ya kwanza, zilipita siku ngapi? Aliyezishusha kutoka arobaini hadi saba apewe fedha zote, hata akiwa karani wa rufaa asiyewahi kuandika makala hata moja. Kamati ije imkabidhi hukuhuku, kwa basi, na isimamishwe Manyoni ikisubiri gari la Kilimatinde lijae.