Charles Dow: Mwandishi aliyeitoa bei mafichoni

Mfanyabiashara anayelipa asichostahili kulipa pale Busia au Namanga mara nyingi ana kosa moja tu: hakuwa na habari. Pengo hilo ndilo alilolifanyia kazi Charles Dow, mwandishi wa habari za biashara wa Marekani aliyefariki mwaka 1902 akiwa na miaka 51.

Dow hakuwa na elimu kubwa ya darasani. Alijifunza kazi katika magazeti ya mikoani, na mwaka 1879 akaripoti migodi ya fedha ya Leadville, Colorado. Mwaka 1882, yeye, Edward Jones na Charles Bergstresser walifungua ofisi ya habari jijini New York. Wakati huo kampuni nyingi zilificha hesabu zao. Wachache waliozijua walivuna, wengine wakabahatisha. Mwaka 1889 watatu hao walianzisha The Wall Street Journal, kurasa nne kwa senti mbili. Mwaka 1896 Dow akatoa wastani wa hisa za kampuni 12, ili hata mgeni aone soko linaelekea wapi.

Afrika Mashariki inahitaji uwazi huo mpakani. Bidhaa za Jumuiya zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasilia. Asiyejua hilo humnufaisha anayejua. Ushuru umeondolewa, gharama ya kutojua ingalipo.