Neno la Mhariri: Tuhuma Nzito Yataka Ushahidi

Mwaka 2020 Achille Mbembe, mwanazuoni wa Kamerun anayefundisha Johannesburg, alialikwa kufungua tamasha la sanaa la Ruhrtriennale nchini Ujerumani. Mwanasiasa mmoja wa huko akamtuhumu kwa chuki dhidi ya Wayahudi na kutaka mwaliko ufutwe, na Felix Klein, wakati huo kamishna wa serikali aliyeshughulikia chuki hiyo, akaunga mkono. Msingi wa tuhuma ulikuwa maandishi yake, ambamo Mbembe aliutaja ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini pamoja na maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya kuwa mifano ya siasa za kutenganisha watu, ingawa alieleza kwamba viwango vyake havilingani. Aidha, mwaka 2010 alitia saini waraka ulioutaka uongozi wa Chuo Kikuu cha Johannesburg uvunje uhusiano na chuo kimoja cha Israeli. Wanazuoni wa Kiyahudi, wakiwemo Waisraeli, walijitokeza kumtetea. Tamasha lenyewe likafutwa kwa sababu ya korona, na tuhuma ikabaki inaning'inia.

Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa mjini Kassel, yaliyoongozwa na kundi la wasanii wa Indonesia. Miezi kadhaa kabla ya ufunguzi wapo waliotahadharisha kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi, na wengi wakawajibu kwamba huo ni ubaguzi dhidi ya wasanii wa nchi za Kusini. Juni 2022 likatundikwa bango la kundi la Taring Padi. Ndani yake alichorwa mtu mwenye vishungi vya nywele mashavuni kama vya Wayahudi washika dini, meno yamechongoka, na kofiani ana alama ya SS, kikosi cha Wanazi. Bango lilifunikwa, kisha likashushwa, na wachoraji wakaomba radhi.

Tuhuma ilikuwa ileile. Dhidi ya Mbembe ushahidi haukutosha. Kassel ulitundikwa hadharani. Mwenye mazoea ya kuamini kila tuhuma alimdhulumu Mbembe, na mwenye mazoea ya kuikataa kila tuhuma hakuwa tayari kuliona bango lile.

Uzito wa tuhuma hii unatokana na Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi, na hatari yenyewe haijapita. Tarehe 9 Oktoba 2019, siku ya Yom Kippur, mtu mwenye silaha alijaribu kuvamia sinagogi mjini Halle. Mlango wa mbao ukamshinda, akaua watu wawili, mmoja barabarani na mwingine mgahawani. Myahudi wa Ujerumani anaposema anaogopa, anastahili kusikilizwa kabla ya kushukiwa.

Kwa sababu hiyohiyo, wanaoitumia tuhuma hii kama ngao ya kisiasa wanafanya kosa kubwa. Tarehe 21 Novemba 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Benjamin Netanyahu kuhusu vita vya Gaza, na ofisi yake ikasema uamuzi huo ni chuki dhidi ya Wayahudi. Hati ya mahakama hujibiwa kwa hoja za sheria. Tuhuma ikirushwa kwa kila anayehoji mabomu, siku itakapomlenga mwenye chuki ya kweli watu watakuwa wamekwisha kuichoka.

Nasi tuna la kujirekebisha. Wasomaji wetu wengi wanaumia kwa ajili ya Gaza. Wengine wanaitetea Israeli kwa imani yao. Wote tumelelewa na methali isemayo samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa binadamu, hiyo ndiyo mantiki ya chuki. Wafuasi wa dini ya Kiyahudi wa Abayudaya, karibu na Mbale, Uganda, walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919, wanahusika vipi na maamuzi ya baraza la mawaziri Jerusalem? Serikali ishitakiwe kwa matendo yake, na Myahudi asidaiwe damu asiyoimwaga.

Ndiyo maana toleo hili linadai jambo moja kwa pande zote. Anayetuhumu aweke mezani maneno au picha yenyewe, aonyeshe ni wapi inawalenga Wayahudi kwa kuwa ni Wayahudi. Anayetuhumiwa aitazame kazi yake upya kabla ya kupiga kelele za njama. Kuwatetea Wapalestina na kuwalinda Wayahudi ni wajibu unaowezekana kwa mtu mmoja, kwa siku moja, na gazeti hili linakusudia kuutimiza wote.