Dawa ya maumivu itangulie faili

Kwa Mganga Mkuu wa Serikali,
Wizara ya Afya, Dodoma.

Yah: Watoto wenye maumivu makali wanaopokelewa dharura

Ndugu Mganga Mkuu,

Mimi ni muuguzi wa dharura katika hospitali ya wilaya. Naomba utoe waraka utakaomruhusu muuguzi wa mapokezi kumpa mtoto dozi ya kwanza ya dawa ya maumivu papo hapo, kabla ya faili na kabla ya picha ya eksirei.

Mtoto wa miaka miwili aliyemwagikiwa uji wa moto hushushwa bodaboda akipiga mayowe. Mama anaelekezwa dirishani kufungua faili, kisha amsubiri daktari, kisha akapange foleni famasi. Muda wote huo sisi tunamwambia mtoto ajikaze. Akiingizwa chumba cha vidonda, watu watatu wanamshika huku ngozi iliyoungua ikisafishwa. Nimemwona mtoto akilia hadi sauti ikamkauka, akabaki anatetemeka, na mtu akasema, "Afadhali ametulia." Hakuwa ametulia hata kidogo. Alikuwa ameishiwa nguvu.

Hata dawa inapotolewa, mara nyingi ni pungufu. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto. Mwenye kilo 12 anastahili miligramu 180, yaani mililita 7.5 za ile dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Kwa mazoea anapewa kijiko kimoja cha mililita 5, na theluthi ya haki yake inabaki kwenye chupa.

Tena kwa kuungua moto na mfupa uliovunjika, parasetamoli peke yake haifui dafu. Hapo inahitajika mofini, au ketamini ambayo tumeizoea chumba cha upasuaji. Ketamini kwa dozi ndogo hunyunyizwa puani, bila kumchoma mtoto sindano.

Najua hofu za wenzangu, na ni hofu za watu wanaojali. Mofini itamzuia kupumua? Tumpime uzito, tuhesabu pumzi zake, naloksoni ya kuizima mofini iwe karibu. Itaficha ugonjwa wa tumbo? Utafiti kwa watoto wenye maumivu makali ya tumbo haukuonyesha kwamba mofini iliwapotosha madaktari. Ukumbuke pia kwamba hadi miaka ya 1980, hata Ulaya na Marekani, vichanga walipasuliwa kwa dawa kidogo mno, kwa kuaminiwa kwamba hawahisi sana. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake, Oxford, walionyesha kuwa njiti waliopewa dawa ya maumivu ya fentanili wakati wa upasuaji walipata matatizo machache zaidi baadaye kuliko wasiopewa.

Waraka huo utaje pia kupima maumivu. Mtoto mkubwa aonyeshwe michoro ya nyuso, achague inayofanana na anavyojisikia. Asiyejua kusema tumsome uso, miguu na kilio. Kwa kushona, ganzi ichomwe na isubiriwe ishike. Kidonda kidogo si sababu ya kushona mtoto mkavu. Na mama asitolewe nje. Ampakate mwanawe, amzungumzishe.

Mizani tunayo mapokezi. Jedwali la dozi kwa kilo tutalibandika ukutani siku waraka utakapotufikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi, Kitengo cha Dharura